Ufa wa Tangi la Asmahani

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeamua. Silizibi tangi. Litajiziba lenyewe!

Fidele fundi mwashi alikuja asubuhi na karai na mwiko wake, tayari kuuchokoa ufa na kuupiga lipu. Kazi ya siku moja, alisema. Nimemrudisha kwake. Nimemwambia ufa ule sasa ni mali ya sayansi. Alinitazama, akautazama ufa, akaomba maji ya kunywa. Hayakuwepo.

Kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakuwa maarufu: mimi ni Rashid, mwalimu wa kemia, mtu wa pwani niliyeletwa Kibondo na serikali na kusahauliwa huku juu. Mke wangu Asmahani ni muuguzi. Binti yetu Zuhra yuko bweni Tabora. Nyuma ya nyumba tuna tangi la zege la kukinga maji ya bati. Lilipasuka mwaka jana, ufa mmoja kutoka chini mpaka usawa wa kifua. Tangu hapo Asmahani anateka maji kisimani, kule bondeni, na kuyapandisha kichwani.

Jana nimesoma kwenye simu habari za zege linalojiponya. Wadudu wasioonekana kwa macho wanachanganywa na saruji, wanalala humo miaka na miaka. Zege likipasuka, maji yanapenya kwenye ufa, wadudu wanaamka, wanakula chakula walichowekewa, kisha wanaacha chokaa nyuma yao. (Nimeandika “wanaacha” kwa heshima.) Chokaa inauziba ufa. Hakuna fundi. Hakuna mwiko. Hakuna kuitana mara ya pili!

Nilimsomea Asmahani yote. Akasema yeye hana ugomvi na wadudu, ila mvua ya kwanza ikinyesha na tangi lisishike maji, kwenye nyumba za wauguzi kuna chumba kitupu chenye bomba, naye atakihamia. Alisema huku anakunja kanga, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mtu mwenye hasira hasemi hivyo. Kwa hiyo hana hasira.

Jumapili, 8 Septemba

Tangi ni mwanzo tu. Lengo langu ni bahari.

Kijijini kwetu kuna gati dogo la zege, na marehemu baba ndiye aliyekuwa mwangalizi wake. Maji ya chumvi yana roho mbaya. Yanaingia kwenye tundu lisiloonekana, yanazifikia nondo, nondo zinashika kutu, kutu inavimba, na zege linapasuliwa kutoka ndani. Kwa nje hujui kitu. Siku unayoona ufa, ujue ugonjwa ni wa zamani. Kila mwaka, siku za maji kupwa, baba alishuka chini ya gati na ndoo ya saruji akaziba nyufa. Mwaka unaofuata, nyufa nyingine. Mimi nilikuwa namshikia ndoo, na nilimwonea huruma sana. Nilijiambia kitu kinachotaka kuangaliwa kila siku ni kitu kibovu, na mtu mwenye akili angetengeneza kisichohitaji kurudiwa.

Alipofariki, hakuna aliyeshuka tena. Nasikia upande mmoja wa gati umekaa chini.

Nilimsimulia Asmahani haya baada ya chai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema baba mkwe wake alikuwa mtu mwema. Kisha akachukua ndoo, akaenda kisimani.

Jambo lingine. Mwisho wa mwezi kuna maonyesho ya ubunifu ya walimu wa sayansi, Kasulu. Mshindi anapelekwa pwani kwenye maonyesho ya taifa. Pwani! Mwalimu Sylvesta wa fizikia amejiandikisha na mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Sanduku la mbao lenye taa ndani. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Jumanne, 10 Septemba

Wadudu nimewapata.

Wazungu wanawatoa kwenye ziwa la magadi. Huku kwetu magadi hakuna, lakini nimejiuliza swali moja la kisomi: ni wapi Kibondo wanapoishi wadudu wagumu kuliko wote? Jibu lilikuja na upepo. Pipa la kuvundikia muhogo la jirani yetu, Mzee Melkiadi! Mdudu anayeweza kuishi mle, saruji kwake ni godoro.

Mzee Melkiadi ni mpole, mfugaji wa mbuzi, na kila nikimsalimia ananiitikia kana kwamba ndiyo nimefika leo. Nilipoomba maji ya pipa aliliangalia pipa, akaniangalia mimi. Akauliza kama Asmahani ameniudhi kiasi hicho. Nikamweleza ni ya zege. Akasema, “Ego, Mwalimu,” yaani ndiyo kwa Kiha, akanijazia dumu, akasimama mlangoni kunitazama mpaka nilipokata kona.

Chakula cha wadudu: kwenye ile habari ya simu ni chumvi fulani ya maziwa na chokaa. Nimechanganya mtindi na chokaa ya kupaka ukuta. Nimeongeza sukari, ili wakiamka wawe na hamu ya kula. Tofali la kwanza limo kwenye fremu ya mbao. Nyumba inanuka. Asmahani amefungua madirisha yote, na hilo nalihesabu kama kuniunga mkono.

Ijumaa, 13 Septemba

Tofali la kwanza halijaganda.

Siyo kwamba limeganda vibaya. Halijaganda hata kidogo! Ukilibonyeza linabonyea kama ugali uliopoa. Nimekaa nalo mapumziko yote, nikilibonyeza.

Sylvesta alikuja akasimama juu yangu. Aliuliza nimeweka nini, nikataja. Nilipofika kwenye sukari alishika kiuno. Akasema sukari inaizuia saruji kushika, na kwamba hata madereva wa magari ya zege gari likiharibika njiani humwaga sukari ndani zege lisiwagandie. Akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka ofisi ya walimu, kama kemia hiyo ya kwetu huko pwani inafundishwa na nani.

Nimemjibu kwamba nilikuwa napima ukomo wa sukari. Jibu zuri. Limenijia haraka. Lakini nimekula chakula cha mchana peke yangu nyuma ya maabara.

Jumapili, 15 Septemba

Matofali mawili mapya, nimeyafyatua jana. La pili lina kila kitu isipokuwa sukari. La tatu ni saruji, mchanga na maji tu, la kulinganishia, ili dunia ione tofauti.

Asmahani alipita akauliza nani atayamwagilia. Kila fundi humwagilia zege siku za mwanzo, hata mimi najua. Nimemweleza kwa upole kwamba zege linalojiponya ukilimwagilia unalidekeza. Lazima lizoee kujitegemea tangu utoto. Akasema, “Haya, Baba Zuhra.” Akiniita Baba Zuhra mambo ni mazuri. Akiniita Mwalimu ndiyo napaswa kuogopa.

Jioni, katika kuhamisha, tofali la tatu lilianguka likapata ufa katikati, mwembamba kama unywele. Bahati mbaya, lakini si hasara kubwa, maana halikuwa na chochote ndani yake. Nimelitupa upenuni mwa jiko. Asmahani ameliokota akaliweka chini ya kichanja cha vyombo, anasimamishia beseni. Maji yote ya kusuuzia, asubuhi na jioni, sasa yatakuwa yanalimwagikia hilo. Nimemwachia. Mtu lazima awe na kitu chake ndani ya nyumba.

Jumamosi, 21 Septemba

Kasulu na kurudi. Nimechoka lakini nimeileta bahari!

Kwa nini bahari? Kwa sababu majaji watauliza: zege lako litastahimili maji ya chumvi? Nami nitawaonyesha tofali likiogelea. Chumvi ya Uvinza inatosha kutengeneza bahari ya beseni zima. Nimeinunua kwa Nsimire, mama Mkongo mwenye kibanda kwenye njia ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Aliuliza, “Papa, chumvi yote hii ni ya nini? Uko na kiwanda ya samaki?” Nikamwambia natengeneza bahari. Akasema yeye alikulia kando ya ziwa kubwa kule kwao, na tangu waje huku anatafuta sauti ya maji akilala, haipati. Akasema nikimaliza kutengeneza yangu nimwite.

Nilirudi nikiliwaza hilo njia nzima. Miaka yote hii Asmahani hajawahi kusema kama anaikosa bahari. Wala mimi sijawahi kumuuliza. Nitamuuliza baada ya maonyesho.

Jumatano, 25 Septemba

Mbuzi! Mbuzi!

Tofali la pili nililiweka ndani ya beseni la bahari, uani, nikaenda shuleni. Niliporudi, mbuzi wa Mzee Melkiadi walikuwa wamelizunguka kama wageni wa harusi. Maji ya chumvi wameyamaliza. Tofali wamelilamba mpaka kona zake zimekuwa duara. Beberu mmoja alikuwa amefumba macho.

Mzee Melkiadi alikuja mbio, akaomba radhi. Akasema mbuzi wake wana njaa ya chumvi tangu kiangazi kianze, na wakiinusa mahali hawasahau. Kisha akauliza kama nina mpango wa kutengeneza matofali mengine, maana wameonekana kuyapenda.

Nimeandika kwenye taarifa yangu ya maonyesho: “Kingo zimelainishwa na mawimbi.”

Jumamosi, 28 Septemba

Maonyesho.

Nilipanga meza: bahari ndani ya beseni, tofali la pili ndani ya bahari, karatasi ya maelezo ukutani. Nililipiga tofali kwa nyundo mbele ya watu, ili lipasuke, kisha lijiponye wakiwa wanaangalia. Halikupasuka. Lilimomonyoka. Nusu yake ikawa uji chini ya beseni, na ile harufu ya muhogo, iliyokuwa imelala, ikaamka. Wadudu nao je? Hao hawakuamka.

Lakini watu walijaa! Si kwa ajili ya tofali. Mtu mmoja alisoma neno “bahari” kwenye karatasi, akachovya kidole, akaonja. Wakapanga foleni. Mama lishe, makarani, askari polisi aliyekuwa analinda geti. Askari alionja akatema, akaniuliza kama ni kweli yote iko hivi mpaka mwisho. Nikamwambia ndiyo, afande, yote. Akauliza sisi watu wa pwani tunaipendea nini. Nilitaka kumwambia habari za baba na ndoo yake, nikaishia kupangusa meza.

Majaji walifika kwangu wakasimama upande wa upepo. Mmoja, mama wa makamo, aliuliza swali moja tu: tofali lilimwagiliwa siku ngapi? Nikamjibu kwa fahari kwamba halikumwagiliwa kabisa. Akaandika kitu kifupi sana.

Wakaenda kwa Sylvesta. Na pale pale, mbele yao, yai likapasuka na kifaranga kikatoa kichwa! Ukumbi mzima ulipiga makofi. Ufa wa yai ukapewa zawadi ya kwanza, ufa wangu ukaambiwa asante kwa kushiriki. Sylvesta anakwenda pwani. Hajui hata kuogelea.

Garini Sylvesta alikaa kiti cha pembeni yangu. Sikutegemea hili: alinipa nusu ya mahindi yake ya kuchoma, akasema bahari ile ilikuwa wazo zuri. Nimekula. Nilikuwa na njaa.

Jumatano, 2 Oktoba

Mawingu upande wa Murungu. Asmahani ameyatazama, kisha akanitazama mimi.

Fidele alikuja tena, bila kuitwa. Alisema amepita tu, lakini alikuwa na mwiko. Alisema kesho na kesho kutwa ana nafasi. Asmahani alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, na kwa sekunde moja nilimwona amechoka. Namaanisha amechoka kabisa, uso mzima. Nilikaribia kusema ndiyo.

Lakini nikimruhusu Fidele, itakuwa nimekubali kwamba baba alikuwa sahihi na ndoo yake, kwamba hakuna njia nyingine, ni kushuka na kuziba, kushuka na kuziba, mpaka ufe. Nikasema hapana, leo naziba mwenyewe kwa dawa yangu, mara ya kwanza na ya mwisho. Fidele akaondoka. Asmahani akasema, “Sawa, Mwalimu.”

Nimeuziba ufa wote kwa mchanganyiko wa tofali la pili, nikiurekebisha kidogo. Badala ya maji ya kawaida nimetumia maji ya chumvi yaliyobaki kutoka Kasulu. Ni kama chanjo. Zege likionja bahari likiwa changa, halitaiogopa ukubwani. Sijalimwagilia.

Limependeza. Nimepiga picha nikiwa nimesimama kando yake.

Ijumaa, 4 Oktoba

Ua wa matete umebomolewa upande wa Mzee Melkiadi. Asubuhi yote mbuzi walikuwa kwenye tangi, wamejipanga kwa urefu, wakubwa juu na wadogo chini, kila mmoja na sehemu yake ya ufa. Dawa yote wameilamba. Na sasa ufa umekuwa mpana kuliko mwanzo, maana walipokuta chumvi imeingia ndani waliifuata ndani.

Mzee Melkiadi amesema ana aibu hajui aseme nini. Amesema pia maziwa ya mbuzi wake wiki hii yameongezeka.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua!

Ilianza saa tisa alasiri, kubwa, ya upande kwa upande. Bati linapiga kelele, gata inamwaga, tangi linapokea. Tulisimama dirishani, Asmahani na mimi, bega kwa bega. Maji yaliingia juu na kutokea ubavuni kwa mstari mmoja mrefu. Yalipita uani, yakapita chini ya ua, yakashuka bondeni kuelekea kisimani. Yote.

Nilisema angalau kisima kitajaa. Hakucheka. Zamani angecheka. Nilimtazama kwa pembeni nikaona analia, kwa namna yake, macho tu. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Niliiweka mfukoni.

Jumapili, 6 Oktoba

Asmahani amehamia nyumba za wauguzi. Amechukua begi, mto wake, na beseni la vyombo.

Hakugombana. Angegombana ningejua pa kushika. Alisema si kwa sababu ya tangi. Akafikiri kidogo, akasema, basi ni kwa sababu ya tangi. Akasema Fidele bado ana nafasi, na kwamba yeye haendi mbali, ni mwendo wa kumaliza stori moja. Mlangoni aligeuka akaniita Baba Zuhra. Nilisubiri aendelee. Alikuwa amemaliza.

Nyumba haina sauti. Nimejipikia wali, umeungua chini na juu haujaiva.

Jumatano, 9 Oktoba

Muujiza!

Nilikuwa natafuta kijiko chini ya kichanja cha vyombo nikaliona tofali la tatu. Lile la kulinganishia, lile lisilo na kitu! Ufa wake unaziba. Kuna mstari mweupe, mgumu, umejaza ufa kutoka upande mmoja hadi kupita katikati. Nimeukwaruza kwa kucha, hautoki. Nimedondosha asidi kidogo kutoka maabara, umetoa povu. Chokaa! Chokaa halisi, imejitengeneza yenyewe, ndani ya nyumba yangu, Kibondo!

Nimekaa chini sakafuni nikafikiri kwa makini kuliko nilivyowahi kufikiri. Tofali la kwanza nililishughulikia sana: bovu. La pili nikalishughulikia zaidi: bovu. Tangi nalo nikalihangaikia: ndiyo hivyo. La tatu nililitupa nikalisahau, na hilo ndilo lililopona. Siri imejulikana. Hakuna aliyeligusa!

Baba hakulijua hili. Labda angeliacha gati, lingepona.

Nimechora alama kwa kalamu pale mstari mweupe ulipofika. Nitafuatilia. Tofali nimeliacha palepale upenuni, mvua haifiki, kila kitu kama kilivyokuwa.

Asmahani ametuma ujumbe kuuliza kama nimekula, na kwamba Jumamosi hana zamu, nikitaka nipite. Nimesoma mara nyingi. Nataka kwenda, nataka sana, nilishavaa hata viatu. Kisha nikalitazama tofali, nikavua. Sitaharibu kwa pupa. Ufa wetu ni mdogo, wa unywele. Nimeamua nisiuguse.

Jumapili, 13 Oktoba

Sijapita. Sijajibu. Nimejizuia kwa nguvu zote, na ninajivunia.

Fidele alipita na mwiko. Nimemwambia hapana. Mzee Melkiadi ameleta maziwa, akauliza mama yuko wapi. Nimemwambia yuko kwenye matibabu ya kisasa. Akasema, “Ego,” akaangalia chini.

Jumatano, 16 Oktoba

Jambo la ajabu, na naliandika hapa ili wataalamu wa baadaye walichunguze.

Mstari mweupe wa tofali la tatu umesimama. Haujavuka alama ya kalamu hata kidogo, na pale mwishoni umeanza kukauka na kufanya unga. Nimeangalia kila kitu. Tofali liko mahali pale pale, chini ya kichanja, pale beseni la vyombo lilipokuwa. Kivuli ni kile kile. Hakuna aliyelihamisha, hakuna aliyeliongezea chochote, mbuzi hawajafika.

Sielewi. Humu ndani hakuna kilichobadilika.